Kabla Maziwa Hayajakauka

Sefrou, 4 Januari

Mpendwa Mama Mdogo Naziha,

Assalaamu alaikum. Natumaini wewe na Baba Jilali hamjambo huko Liege. Sisi tu wazima. Mdogo wangu Zineb ameota meno mawili na anamng'ata Mama.

Umeniuliza ujiandae vipi kuja kumchukua mtoto, kwa kuwa uliondoka Moroko ukiwa mdogo. Nimeulizia kwa makini. Jina la Anwar usilibadilishe. Kafala ni kulea tu. Nasaba yake inabaki yake. Kwenye nyumba ya yatima ukipewa chai, kunywa, hata kama una haraka. Ukimsifu mtoto, tanguliza mashallah, walezi wasikunje uso.

Lakini kubwa zaidi hukuliuliza. Anwar ana miezi minane. Akibalehe, kidini atakuwa mtu baki kwako. Utajifunika nywele ndani ya nyumba yako mwenyewe. Isipokuwa akinyonya kwa Mama. Hapo atakuwa mtoto wa dada yako. Shehe anasema hata mara moja yatosha, maadamu bado ni mtoto wa maziwa.

Nilimgusia Mama. Akasema, "Anataka maziwa? Kwani Ubelgiji ng'ombe wamekwisha?" Hajasahau kwamba hukuja kumzika Bibi. Tena anamwachisha Zineb kabla ya Ramadhani. Muombe mwenyewe, tafadhali.

Binti yako, Wiam

Liege, 13 Januari

Wiam mwanangu,

Waalaikumu salaam. Mgongo unauma kidogo, mengine ni shukrani. Nimemtumia mama yako sanduku la chokoleti nzuri na barua ya kumuomba. Niambie amesema nini.

Mama yako mdogo, Naziha

Sefrou, 25 Januari

Mama Mdogo,

Salamu nyingi. Sote hatujambo. Sanduku liko juu ya kabati, halijafunguliwa. Mama amesema, "Peremende ni za watoto. Mfiwa huletewa sukari, na huletewa kwa mkono."

Ni lile bonge refu la sukari, lenye karatasi ya buluu. Miaka mitatu imepita tangu msiba wa Bibi, lakini mlango wetu ni uleule. Njoo nalo.

Binti yako, Wiam

Fez, 12 Februari

Wiam mwanangu,

Natumaini mmeamka salama. Jana ulikuwa shuleni nilipokuja na sukari. Mama yako aliipokea, akanipa chai, tukaongea habari za mvua. Anwar alikuwa mapajani mwangu. Mama yako hakumtazama hata mara moja. Nikaondoka bila kumuomba maziwa.

Hakimu amenikabidhi mtoto, lakini hati zake za safari zitachukua miezi miwili, na kesho lazima nirudi kazini. Atabaki na walezi wake hapa Fez.

Wiki ile ya mazishi ya Bibi nilikuwa hospitali. Nilijifungua mtoto ambaye hakulia. Sikumwambia mtu. Sikutaka kuongeza msiba juu ya msiba, na baadaye nikaona haya kwa kuchelewa kusema. Ukiona inafaa, msomee mama yako.

Mama yako mdogo, Naziha

Sefrou, 16 Februari

Mpendwa Mama Mdogo,

Assalaamu alaikum. Natumaini ulifika salama.

Nilimsomea Mama. Alikuwa anachambua dengu. Akasema, "Soma tena hapo." Nikasoma tena. Akafunika dengu, akavaa joho lake, akamfunga Zineb mgongoni. "Twende Fez. Zineb namwachisha Ijumaa. Baada ya hapo sitakuwa na cha kumpa mtu."

Walezi walituletea Anwar. Mwanzoni alikataa. Amezoea chupa, akageuza uso na kupiga mateke. Mlezi akasema labda tumwache. Mama akamwambia, "Huyu hanishindi. Nilimlea mama yake." Kisha akamwambia Anwar, "Nawe una kiburi kama Naziha. Haya, nyonya, polepole, hakuna anayekunyang'anya." Alinyonya mpaka akalala, mkono wake umeshika ukosi wa Mama. Shehe tumeshamweleza, na mlezi ni shahidi.

Tuliporudi Mama hakula. Aliniuliza kama yule mtoto wako alikuwa wa kike au wa kiume. Nikamwambia barua haisemi.

Anaomba umwandikie yeye mwenyewe. Anataka kujua kama mlimpa jina, ili amtaje kwenye dua zake pamoja na Bibi.

Dada yake Anwar,
Wiam