Shimo Lina Mwenyewe

Kaskazini mwa Saskatchewan, Kanada
30 Oktoba 2022

Mama yangu Apua,

Ejok? Natumaini hujambo, mgongo wako haujambo, na mbuzi wetu kule Nakalale hawajambo. Mimi ni mzima ila nimechoka, uchovu wa mtu asiyejua amechoshwa na nini.

Uliuliza huku kukoje. Ni miti, Mama. Ukitoka mlango wa kiwanda cha mbao ninakofanya kazi, ni misonobari tu mpaka mwisho wa dunia, na hakuna anayeitafutia kuni. Nikakukumbuka wewe, uliyenichapa kwa kuvunja tawi bichi la mgunga wa watu.

Kinachonichosha zaidi ni macho. Nyumbani nikiinua kichwa naona mlima Pelekech, najua nilipo. Hapa nikiinua kichwa naona mti, nikigeuka naona nduguye. Juzi nilikwenda haja nyuma ya kiwanda nikapotea, ikabidi wanipigie honi ya lori. Walicheka siku nzima.

Nimemwona pia mnyama wao mkubwa, wanamwita muusi. Ana kimo cha ngamia bila nundu, na pembe pana kama ungo. Anatembea taratibu kama mwenye shamba.

Nisalimie mbuzi wangu mwenye sikio lililokatika.

Mwanao, Jok


Kakuma, 9 Novemba 2022

Mwanangu Jok,

Ejok, Jok. Kila nikiiandika salamu hii kwako nacheka peke yangu. Mgongo upo, ndiyo maana unauma. Vidole hivi vya ngumbaru, vilivyojifunza kuandika uzeeni, vinatembea polepole kwenye simu, kwa hiyo ukiona maneno machache usidhani nimekasirika.

Mvua imekataa tena. Mbuzi waliobaki ni wachache, sikufichi. Mwenye sikio lililokatika yupo, mkaidi kama wewe.

Sasa hili la kupotea nyuma ya kiwanda! Nilikulea mimi kweli? Tangu siku ile ulipofuata kibuyu changu cha maziwa kutoka kambi ya wakimbizi, mtoto wa Kidinka asiye na mama, nilikufundisha jambo moja. Ukipotea, fuata nyayo za mnyama, kwa sababu mnyama anajua maji. Ukifika kwenye maji utakuta watu. Na ukikuta shimo limechimbwa, kaa hapo hapo, usiondoke, maana shimo lina mwenyewe. Hata awe amekwenda mbali, atarudi kuliangalia. Letu la Nakalale alilichimba baba yangu kwenye mchanga wa mto, na mpaka leo hakuna anayenywesha pale bila kuniita.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Vaa nguo nzito.

Mamako, Apua


Saskatchewan, 11 Desemba 2022

Mama,

Habari za huko, habari za mbuzi? Nimepata maneno yako na nimeyasoma mpaka nimeyajua kwa moyo.

Baridi imeingia kweli kweli. Leo ni nyuzi thelathini chini ya sifuri, na pua ikitoka nje inauma kama imechomwa. Jua linachomoza nikiwa kazini na linazama nikiwa kazini. Ziwa la hapa mjini limekuwa gumu, magari yanapita juu yake, na nilipovuka mara ya kwanza nilishika mlango wa gari kama mtoto. Sungura wamegeuka weupe. Dubu naye amejichimbia shimo lake, amelala mpaka Aprili, na hakuna anayemwuliza kwa nini hakuja kazini. Namwonea wivu.

Sikufichi na mimi. Nimechoka na huku. Nikipata likizo ndefu nitarudi nichunge mbuzi wetu, hata wakiwa wachache. Mtu anayejua kuchunga hafi njaa.

Mwanao, Jok


Lodwar, 18 Januari 2023

Mwanangu Jok,

U mzima? Nilituma salamu za Krismasi, kimya. Nikatuma za mwaka mpya, kimya. Nimeuliza kwa wale Wadinka wa kanisani Kakuma, hakuna mwenye habari zako.

Mimi nimehamia Lodwar kwa dada yangu Nakeno. Tunasuka vikapu vya mkoma kando ya mto Turkwel. Mikono inauma na wanunuzi wanapita wakitazama simu zao.

Kama umenikasirikia, sema. Kama unaumwa, mwambie mtu aniandikie. Neno moja linatosha.

Mamako, Apua


Lodwar, 1 Februari 2023

Jok,

Leo sina salamu. Nimekutana na Didace, yule Mkongomani fundi cherehani wa kambini Kakuma, amekuja Lodwar kununua vitambaa. Dada yake anaishi upande huo wenu. Nikamwambia sina wasiwasi, Jok akipotea atafuata nyayo mpaka kwenye maji, na huko atapata watu. Akaweka chini kitambaa chake.

"Mama Apua," akasema, "kule maji iko mingi sana, kila pahali. Lakini batu hakuna."

Mimi nilijua maji ya kwetu tu. Nilijuaje kwamba kuna nchi yenye maji yasiyo na watu?

Yafute niliyokuambia. Usifuate mnyama yeyote. Baki barabarani. Naogopa, mwanangu. Naogopa nimekupoteza kwa mdomo wangu.

Mamako


Hospitali, Saskatoon
19 Februari 2023

Mama yangu,

Niko hai. Natanguliza hilo. Simu ilikufa siku ile ile na nimepata nyingine jana, ndipo nikakuta barua zako zote pamoja.

Ilikuwa siku chache kabla ya Krismasi. Tulipeleka gari kuchukua magogo, likakwama. Wenzangu wakilivuta, nikamwona muusi, nikasema nimtazame karibu kidogo. Mchungaji ni mchungaji. Theluji ikaanza kuanguka ikafunika nyayo zangu, lakini zake zilikuwa mbele yangu, mbichi. Nikasema, Mama alisema. Nikazifuata.

Nilifika kwenye maji, Mama, ziwa jeupe kama kiwanja, na hakuna mtu. Nikazifuata tena, ziwa la pili. Hakuna mtu. Hapo nilikukasirikia. Nilikuita kwa sauti, nikakutukana, unisamehe. Nilisikia la mkuu na guu likavunjika vile vile.

Ziwa la tatu lilikuwa na shimo. Limetobolewa kwenye barafu, limezungushiwa matawi, na barafu juu yake ilikuwa nyembamba, ya siku hiyo. Nikalitazama sana. Lilikuwa kama letu. Nikakaa. Kila mwili uliponiambia niondoke, nilisema shimo lina mwenyewe.

Alikuja mama mmoja mzee, mwenyeji wa nchi hii, kuangalia wavu wake wa samaki ulio chini ya barafu, kabla giza halijashika. Hakuniuliza kitu, alinifunika koti lake. Vidole vya mguu wa kulia vimekatwa vyote. Wa kushoto umebaki na viwili.

Nitarudi, Mama. Nitachunga nikichechemea. Mwambie mwenye sikio lililokatika anisubiri.

Mwanao, Jok


Nakalale, 6 Machi 2023
(nitaituma nikipata mtandao)

Mwanangu,

Ejok. Nimelia, nimemaliza, sasa naandika. Kunitukana nimekusamehe, mimi mwenyewe nimejitukana zaidi.

Sikiliza. Mwenye sikio lililokatika alikufa mwanzoni mwa Januari, na wenzake wote. Ndiyo maana nilikwenda Lodwar. Wewe ulikuwa hujibu barua, na mimi sikuwa na nguvu ya kuiandika habari hiyo. Kwa hiyo usirudi kuchunga. Hakuna cha kuchunga, na miguu yako imebaki na vidole viwili.

Baada ya kusoma yako nilipanda pikipiki nikaja huku. Nyumba ni tupu, watu wamehama. Shimo letu lilikuwa limejaa mchanga, limelingana na mto, mgeni asingejua palikuwa na kitu. Nilikaa nikafikiri, kama mtu angepotea huku leo, angekaa wapi?

Nimechimba kwa bakuli tangu asubuhi. Mgongo umekataa, nikaulazimisha. Maji yaliyotoka ni matope, hayajazi kikombe. Nimezungushia miiba kama zamani.

Nitakuwa nakuja kulifukua kila mwezi, nauli ikipatikana. Siku ukirudi, hata miaka kumi, njoo moja kwa moja hapa ukae.

Mamako, Apua