Vitenge Vitatu Kwenye Mizani

Mama Kabula, mke wangu,

Mwangaluka. Kumekucha, na uji nimepika mwingi tena. Mwaka wa pili huu, kupika wa mtu mmoja bado sijajua.

Kuandika siwezi sana, unajua niliishia darasa la nne. Lakini kuna jambo mwanao kaniambia, na wa kumpelekea ni wewe.

Unakumbuka Rwamgasa, pale mwaloni tunapooshea mawe ya dhahabu? Nashusha kiroba, wewe unakinyanyua kwa mkono mmoja. "Baba Kabula, hiki kimeloa. Umebeba maji. Kianike kwanza." Wenzangu wanacheka: "Mama Kabula, tukuweke wewe, mizani tuitupe!" Na wewe: "Hamniwezi nyie, nakula sana." Tukianika, kweli, kinapungua.

Kabula kachukua kwako. Kazi yake huko chuoni ni kupima uzito. Si wa mawe. Wa galaksi. Galaksi moja ni nyota nyingi mno, hata jua letu limo kwenye moja. Sasa zenyewe zinakaa mamia kwa mamia, kama ng'ombe zizini. Anapima zizi zima.

Alipokuja kupalilia kaburi lako nikamuuliza, "Mnaliwekaje kwenye mizani?"

"Hatuliweki, Baba. Tunaangalia kwa mbali tu, zinavyokimbia. Zinakimbia sana. Kama uzito ungekuwa wa hivi tunavyoviona tu, zingeshatawanyika. Uzito mwingi hauonekani."

"Na mkikosea?"

"Tunakosea." Akaacha jembe. "Katikati kuna hewa ya moto. Tukidhani imetulia, kumbe inachemka, tunapata uzito mdogo kuliko wa kweli. Njia nyingine, tunaangalia mwanga wa vitu vya nyuma unavyopinda. Hapo kitu kingine kikikaa njiani, nacho tunakipima humo humo. Ndiyo maana kila uzito tunauandikia kosa lake pembeni, kiasi tunachoweza kuwa tumekosea. Anayekupa uzito bila kosa, usimwamini."

Nilikuwa nakuona wewe.

Mwaka ule wa mwisho ulibeba ndoo zako kama kawaida. Nikakupima kwa ndoo. Nikiuliza, unasema, "Nimechoka tu." Asubuhi unasema baridi, unajifunga vitenge, sweta juu. Nikaona mke wangu kanenepa. Nikafurahi hata.

Siku ya hospitali, nesi akakupandisha kwenye mizani, akasema vua hivyo. Ukavua sweta. Ukavua kitenge. Cha pili. Cha tatu. Mshale unarudi nyuma, nami nimesimama nautazama.

Nilikuwa napima nguo. Wewe ungejua kwa kiroba tu. Mimi nililala nawe kitanda kimoja.

Hukusema. Na mimi sikuuliza mara ya pili.

Sasa mwanao hupiga simu kila Jumapili akitoka kanisani. "Shikamoo, Baba. Mzima?" "Marahaba. Mzima." Sijamwambia kikohozi hiki cha vumbi la mashine ya kusaga mawe. Sijamwambia kuna siku jua linazama sijasema neno na mtu. Niliogopa ataacha masomo arudi. Kumbe na mimi nimejifunga vitenge.

Jumapili iliyopita kaniuliza tena. Nikasema, "Mzima." Halafu nikasema, "Ila pembeni andika kosa."

"Kubwa kiasi gani, Baba?"

"Kubwa, mwanangu."

Nikamsikia analia. Masomo haachi, kasema. Ila kasema niende nikapimwe kifua, na nisingoje simu yake ya Jumapili, nimpigie mimi. "Hata kama huna la kusema, Baba, piga tu."

Naenda kesho asubuhi. Kutakuwa na baridi, najua. Sweta naliacha nyumbani.

Wabeja, asante, mke wangu. Pumzika.

Mumeo,
Baba Kabula