Kopo la Kuzuia Mlio

Jumatatu, 5 Agosti 1912. Bomani, Dodoma.
Nimesafisha plagi za motokaa, kama kila asubuhi. Bwana Shauri, mkuu wa boma hili, anataka gari moja lenye kazi mbili: siku za kazi limfikishe vijijini, Jumapili limshinde Mgiriki, mkandarasi wa reli, katika kuzunguka uwanja wa gwaride. Mimi ni fundi wake wa mkataba; mpaka mbio ziishe sitoki getini. Miaka miwili nilisoma mitambo katika chuo kikuu cha Ulaya, nikawahutubia wenzangu juu ya uhuru. Leo naomba ruhusa ya kwenda msalani.

Jumanne, 6 Agosti.
Mpango, bila ndoto. Breki kwanza: ngozi mpya. Viti vya nyuma na paa ving'olewe. Dodoma iko juu, hewa ni nyepesi, petroli inaizidi injini: tundu la kabureta lipunguzwe. Nyuma, gurudumu dogo la meno, la kasi, kwa ajili ya uwanja. Lile kubwa, la nguvu, lirudi baadaye kwa njia za mchanga. Injini yenyewe siigusi. Anayedai zaidi anadai muujiza.

Alhamisi, 8 Agosti.
Askari wa zamu ameropoka akicheka: "Kaza nati, msomi! Jumatatu tunakwenda Chamwino kukamata ng'ombe wa kodi. Safari hii watashtuka tumeshafika zizini!" Zizi la kwanza huko ni la mjomba, aliyenilea. Askari hajui. Nimeomba kutoka. Nimekataliwa. Sina wa kumtuma. Nani mtumwa zaidi: aliyefungwa mnyororo, au anayeutia mafuta? Najichukia.

Ijumaa, 9 Agosti.
Kopo la kuzuia mlio, kwenye bomba la moshi. Linaibana pumzi ya injini. Likitoka, nguvu huongezeka kidogo. Na mlio hufika mbali kuliko vumbi. Hoja ni ya kweli, sikuhitaji kudanganya. Bwana Shauri amekubali, kwa Jumapili tu. Nimelikata vipande. Bati lake sasa linaelekeza upepo kwenye rejeta, kupoza injini.

Jumapili, 11 Agosti.
Tumeshinda, kwa urefu wa gari moja. Yule askari: "Msomi, motokaa yako inanguruma kama tumbo la akida!" Nimecheka. Nimefurahia ushindi wao. Aibu.

Jumatatu, 12 Agosti.
Bwana Shauri alidai kopo. Nikamwonyesha bati. Akawa mwekundu, lakini hakutaka kuahirisha safari. Nilisimama kwenye ubao wa pembeni, gari likinguruma njia nzima. Chamwino: nyumba ya tembe ya mjomba tupu. Zizi wazi, mavi yangali yanafuka mvuke. Hakuna ng'ombe hata mmoja. Bwana Shauri alilitazama bomba. Kisha akanitazama mimi.

Jumatano, 14 Agosti.
Jana, viboko ishirini na vitano. Naandika nimelala kifudifudi. Kopo jipya limeagizwa, litakuja na treni. Nitalifunga mimi, hakuna fundi mwingine. Mkataba wangu umeongezwa mwaka. Mjomba hatajua ni nani aliyempigia kelele. Upepo umetulia leo. Nimeweza kunywa uji.