Kwaya Ilipoitwa Kumfukuza Mzimu wa Milimani

Mpendwa Mama Jepkemei,

Naomba msaada wako na tafadhali unijibu kabla ya Ijumaa, kwa sababu Jumapili hii saa mbili usiku ama Kenya nzima itanijua mimi ni nani ama haitanijua kamwe, na usidhani naandika kwa huzuni, mama, sijawahi kuwa na furaha kama hii tangu nizaliwe na ndiyo maana nimechanganyikiwa.

Bila shaka unakijua kile kipindi kipya cha televisheni cha kutafuta mizimu, Nani Humo, kinachorushwa kila Jumapili usiku, cha yule kijana Mathenge anayevaa fulana ya mifuko mingi na kunong'ona akimulika tochi kwenye kona za nyumba za watu. Kipindi cha kwanza kabisa alikuja hapa Nakuru, katika nyumba moja ya zamani kule Milimani ambayo mwenyewe anaishi ng'ambo, kwa sababu majirani walikuwa wamelalamika kwamba mle ndani kunasikika sauti ya mwanamke mchana kweupe. Akatuonyesha popo, akatuonyesha mlango unaojifunga wenyewe, akafukuzwa na paka mpaka kofia ikamwanguka, tukacheka sana pale nyumbani, halafu mwishoni akasema kwamba waliacha kinasa sauti kwenye ngazi kutoka asubuhi hadi jioni na sasa tusikilize walichopata. Ikatoka sauti ya mwanamke, nzito, ya chini, inaimba polepole katika lugha ambayo Mathenge alisema haijulikani popote duniani. Watoto wakaingia chini ya meza, mzee wangu akainuka akawasha taa zote za nyumba, na mimi nikabaki nimeshika tonge la ugali siwezi kulipeleka mdomoni wala kulirudisha kwenye sahani.

Mama Jepkemei, ile sauti ni yangu.

Hiyo lugha isiyojulikana ni Kibukusu, lugha ya kwetu Bungoma, ila walikuwa wameipunguza mwendo na kuitia mwangwi mpaka hata mzee wangu, ambaye amezaliwa Kimilili, hakutambua neno hata moja. Mimi ni fundi wa cherehani. Mwenye ile nyumba alinipa kazi ya kushona pazia zote, akaniachia ufunguo wa mlango wa nyuma kwa sababu vitambaa viko humo ndani, kisha akasema nisubiri kuta zipakwe rangi kwanza, na rangi yenyewe haijapakwa mpaka leo. Siku nilipoenda kupima madirisha nikajikuta naimba wimbo ambao nyanya yangu alikuwa anaimba akisaga wimbi, na pale kwenye ngazi sauti ikapanda mpaka juu kwenye dari ikanirudia, nikasimama kama mtu ameitwa, kwa sababu sikuwa najua kwamba mimi nina kitu kama hicho kifuani. Tangu siku hiyo wenzangu wakienda kula saa saba, mimi naenda Milimani kuimba.

Utaniuliza kwa nini nisiimbe kanisani. Niko kwenye kwaya, mama, nina sare na kila kitu. Lakini mwalimu wetu wa kwaya, nitamwita Kipngetich ingawa si jina lake, alinisikia siku ya kwanza akasimamisha mazoezi, akaniambia mbele ya wote, "Mama, sauti yako ni kama lori linapanda kilima cha Mbaruk na mzigo. Wewe simama nyuma, fungua mdomo tu, usitoe kitu." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao ili isionekane imeniuma, na kwa miaka tisa nimesimama mstari wa nyuma nafungua na kufunga mdomo kama samaki.

Basi kipindi cha pili cha Mathenge kilikuwa cha nyumba ya shamba karibu na Gilgil, na huko hawakupata chochote isipokuwa mbuzi aliyelala jikoni, ikabidi nusu ya kipindi watuonyeshe wakila mbavu za kuchoma kwenye vibanda vya Kikopey, na watu wakapiga simu kituoni wakasema hawataki mbavu, wanataka yule mwanamke wa Milimani arudishwe. Na kwaya ilikuwa haizungumzi kitu kingine. Siku moja katikati ya mazoezi alto walikuwa wanaenda ovyo, Kipngetich akapiga meza akasema, "Aibu gani hii! Hata mzimu wa kwenye TV anashika sauti ya pili vizuri kuliko nyinyi! Yule angekuwa mtu aliye hai ningempa solo leo leo." Mama, nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwake, mdomo wazi, hakuna kinachotoka. Nilienda chooni nikacheka mpaka nikalia.

Kipindi cha tatu wakarudi Milimani, wakarusha sauti yangu tena, safari hii ndefu zaidi, na Mathenge akatangaza kwamba cha nne kitakuwa cha kumfukuza mzimu, mchungaji atakuja kuomba na kwaya itaimba. Kwaya gani? Kwaya yetu, na mchungaji wetu! Nilikuwa nimealikwa kwenda kujifukuza mwenyewe. Na haikuwa mchezo, kwa sababu mchungaji alishasema madhabahuni kwamba mtu yeyote aliyeingia nyumba ile kwa hiari yake ana agano na giza na atatengwa na kanisa, nami ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wangu wakati anasema hivyo.

Tukaenda Jumamosi iliyopita alasiri, tukapangwa kwenye ngazi za mbele, umati umejaa getini, mzee wangu akiwa miongoni mwao. Mchungaji akaomba. Mathenge akapaza sauti, "Kama uko humo, jibu!" Kipngetich akainua mikono, wimbo ukaanza, na alto wakapotea kama kawaida yao, nikasikia pengo pale chini, pengo langu kabisa, na sijui ni nini kilinishika, mama, nikalijaza. Nilifungua mdomo nikatoa kila kitu. Ai! Soprano waliruka ua wa miiba na viatu vya kisigino. Tena wakapita katikati ya kamera. Kipngetich alibaki mikono hewani, ananitazama, na mimi sikunyamaza, niliimba ubeti wote peke yangu nikiangalia nyumba ile na watu wote wale, nikamaliza. Nikamwambia mchungaji, "Ni mimi. Nilikuwa nakuja kuimba tu, ufunguo nilipewa na mwenye nyumba." Akapangusa uso, akasema, "Basi tumalizie ubeti wa mwisho." Mzee wangu akapenya getini anakuja anacheka, "Kumbe ni wewe umeninyima usingizi mwezi mzima!" akakaa kwenye nyasi, halafu akasema kwa upole, "Mama watoto, mbona hujawahi kuniimbia?"

Sasa taabu yangu. Mathenge alinivuta kando akaniambia, "Mathe, wewe ni noma. Lakini tukionyesha ni wewe, hii show imekufa. Wacha tukate hiyo part, tubaki na sauti. Halafu tunakubeba, Molo, Subukia, Naivasha, kila nyumba tukiingia wewe uko chumba cha nyuma unaimba. Utalipwa vizuri. Watu wa Nakuru wakiongea tutasema mzimu ndio ulikuingia." Anataka jibu Ijumaa, na kusema ukweli alinipa heshima, alisema nisipomruhusu mimi mwenyewe hataonyesha uso wangu. Na jioni hiyo hiyo Kipngetich akaja nyumbani na mkate na sukari, akaniomba niache ile sehemu ikatwe, watu wa mbali wasijue kwamba mzimu waliouogopa ni alto ambaye yeye mwenyewe alimnyamazisha, na nikikubali atanipa solo sikukuu ya kanisa mwezi ujao. Si mtu mbaya, mama. Mama yangu alipofariki yeye ndiye aliyetoka na kwaya mpaka Bungoma kwa mvua kutuimbia.

Kwa hivyo nikinyamaza napata vyote viwili, solo kanisani na kazi ya televisheni, na hakuna anayeaibika. Nikisema, namvunjia Mathenge kipindi chake na Kipngetich jina lake, na labda ni majivuno tu. Mzee wangu anasema niamue mwenyewe, yeye sasa analala vizuri. Nifanye nini?

Ni mimi,
Mzimu wa Milimani, Nakuru

*

MAMA JEPKEMEI ANAJIBU

Dada yangu, hilo jina uliloweka mwisho wa barua silitumii, na nitakuambia kwa nini.

Kwanza hongera. Nimeisoma barua yako nimecheka mpaka mlinzi wa ofisi akaja kuuliza kama niko sawa. Pale soprano walipovuka ua wa miiba na visigino nilihitaji maji ya kunywa. Umefanya jambo ambalo wengi hufa bila kulifanya, na umelifanya mbele ya mchungaji, mume na kamera. Furaha hiyo usimwombe mtu msamaha kwa ajili yake.

Sasa kaa vizuri nikugombeze. Miaka tisa? Miaka tisa unafua sare, unapiga pasi, unaenda mazoezini, kufungua mdomo bila kutoa kitu? Mtu mmoja alisema neno moja la kijinga siku moja, na wewe ukalibeba kila Jumapili kana kwamba ni amri kutoka mlimani. Ulicheka nao ili isionekane imekuuma, na kwa sababu ulicheka, hakuna aliyejua kwamba alikuumiza. Hilo ni kosa lake, lakini kulitunza muda wote huo ni kazi uliyoifanya mwenyewe.

Umeniuliza uchague lipi, na hujaona kwamba umeletewa kitu kimoja kwenye sahani mbili. Mathenge anataka sauti yako bila wewe. Mwalimu wako anataka sauti yako bila wewe. Kila mmoja amekuwekea tamu juu yake, lakini sharti ni lile lile ulilopewa siku ya kwanza ulipoingia kwaya: kaa nyuma, na watu wasijue.

Na huyo kijana usimwonee huruma kupita kiasi. Umesoma ulichoandika? "Tutasema mzimu ndio ulikuingia." Wewe ni mama wa watoto, fundi unayetegemea wateja waje mlangoni kwako na vitambaa vyao. Unajua mtu akishasemwa ana mapepo hapa kwetu anaishije? Nani atakuletea nguo ya harusi ushone? Watoto wako watacheza na nani? Mchungaji amekupa neema mbele ya umati wote, na wewe unafikiria kuibadilisha kwa kazi ya kujificha chumba cha nyuma huko Molo kuwatisha watu majumbani mwao! Kuna mjane mahali anayetegemea kupangisha nyumba kama hiyo. Ukiimba humo kwa siri, ni nani atakayeipanga tena? Hiyo kazi mwambie Mathenge hapana, na umwambie kwa heshima, maana angalau yeye alikuomba ruhusa. Kipindi chake hakitakufa. Watu waliomvumilia akila mbavu nusu saa nzima watamvumilia pia akisema ukweli.

Kipngetich ni jambo jingine. Mtu aliyewaimbia msibani kwa mvua hatupwi, na mimi sikuambii umtupe. Lakini alikunyamazisha mbele ya kwaya yote, na kuja kukuomba sebuleni na mkate hakutoshi. Aseme mbele ya kwaya hiyo hiyo kwamba alikosea. Asimame, aseme, akae, na wewe umsamehe hapo hapo, kwa sauti, wote wasikie. Akifanya hivyo, atatoka mkubwa kuliko alivyoingia. Na solo asikupe kama malipo ya siri. Akupe kwa sababu ndiye aliyetangaza mwenyewe kwamba sauti ile ingekuwa ya mtu aliye hai angeipa solo. Haya, mtu yuko hai.

Kuhusu majivuno: majivuno ni kujipa kisicho chako. Hiki ni chako, umerithi kwa nyanya aliyekuwa akisaga wimbi, ila ulikuwa hujui tu.

Kabla ya Ijumaa fanya haya. Mwandikie mwenye nyumba leo, umweleze yote mwenyewe kabla hajayasikia kwa majirani, na umwulize ufunguo umwachie nani mpaka rangi ipakwe, maana ulipewa uingie kushona na si kuimba, hata kama uliimba vizuri. Jioni waimbie wale watoto waliojificha chini ya meza, tena huo huo wimbo, katika Kibukusu chake cha kawaida bila mwangwi wa televisheni, ili wasije wakakua wakiiogopa lugha ya nyanya yao. Na huyo mzee wako ameshakuuliza swali kwenye nyasi, nawe hukunieleza kama ulimjibu. Mjibu.

Kisha Ijumaa mpigie Mathenge simu. Mwambie ndiyo, aonyeshe uso, aonyeshe sauti, asikate kitu, na chini ya picha aandike jina lako. Si mzimu wa mahali popote. Majina yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho. Akikuuliza yanaandikwaje, mtajie herufi moja moja, polepole, na umwambie akusomee tena alichoandika.