Bikira Aliyekwanguliwa Macho

Mjukuu wangu Wanjiru,

Hapa Toongabbie, huku ughaibuni, tu wazima. Shangazi yako yuko zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, anawaogesha wazee wa watu. Uliniuliza kwa nini watakatifu kwenye ikoni zetu, zile picha takatifu za Kiothodoksi, wana macho makubwa hivyo. Tulifundishwa kwamba wao ndio wanaotutazama sisi.

Nilipokuwa msichana kule Nyeri, wakati wa vita vya kupigania uhuru, askari wa mkoloni walifunga kanisa letu wakamchukua kaka yangu. Mmoja aliikwangua ikoni ya Bikira Maria macho kwa kisu. Mama aliiokota, akaibusu.

"Mama, haoni tena," nikamwambia.

"Mwanawe pia alichukuliwa na askari," akajibu. "Sisi wawili tunajuana."

Kaka hakurudi. Kanisani huku nabusu ikoni kila Jumapili, na hasira yangu haijapoa.

Nyanya yako akupendaye