Insha ya Thirza Nyuma ya Stashahada

Marlow Fork, Ohio
14 Oktoba 1958

Mpendwa mwanangu Rowena,

Salamu nyingi zikufikie huko Oregon. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje na mvua za huko? Sisi hatujambo. Goti langu linanisumbua nikipanda ngazi, baba yako, kaka yangu, ni mzima na maneno yake ni yale yale, na miti ya tufaha imezaa mpaka tumechoka kuchemsha jemu.

Unaikumbuka stashahada ya Thirza, mama mzaa babu yangu, ile ya nyuma ya mlango wa chumba cha mashuka? Tulikwambia ni ngozi ya kondoo, nawe ukawa unamtafuta kondoo mwenyewe kwenye fremu.

Wiki iliyopita niliishusha ili nibandike karatasi mpya ukutani. Ubao wa nyuma ukaachia, zikadondoka bahasha mbili.

Ya kwanza ni barua ya mkuu wa shule kwa baba yake Thirza, ya mwaka 1851. Siku zile insha za wasichana zilisomwa na profesa siku ya mahafali, wenyewe wameketi kimya, kwani mwanamke kusimama aseme mbele ya watu ilikuwa aibu. Thirza, aliyewashinda wote kwa Kilatini na aljebra, alikataa katakata. Aisome mwenyewe, la sivyo isisomwe. Basi haikusomwa. Nilikaa chini pale pale, Rowena. Alikuwa na miaka kumi na tisa tu!

Ya pili ilikuwa insha yenyewe, imefungwa kwa lakiri nyekundu ambayo haijaguswa miaka mia na saba. Juu yake aliandika: "Isisomwe na mwanamume."

Baba yako ndiye aliyekuwa ameishika. Aliitua mezani haraka kama sufuria ya moto.

"Alvira, shika wewe. Mimi simo!"

Mtu anayemkata kauli hata mchungaji! Nilicheka mpaka machozi.

Jumapili, baada ya chakula, nilisimama mbele yake na kaka zako. Wajua mimi hata kanisani sijawahi kuomba kwa sauti. Nikabandua lakiri, nikasoma: "Mabibi na mabwana, mimi niliyeandika haya ndiye ninayesimama mbele yenu."

Ndipo nikaelewa. Kinywani mwa profesa maneno hayo yangekuwa uongo, na Thirza alilijua hilo tangu alipochovya kalamu.

Nilimaliza ukurasa wa kwanza nikaishia hapo. Sijasahau kwamba miaka minne iliyopita, kwenye meza hiyo hiyo, baba yako alikwambia unyamaze wanaume wanazungumza, ukafunga sanduku lako ukaondoka. Ukimwacha mwanao Odessa ambaye bado mdogo, wanawake wa damu ya Thirza tumebaki wawili. Niliwaambia ukurasa wa pili ni wa Rowena, na usipokuja ukurasa huo utarudi kwenye fremu bila kusomwa.

Baba yako hakunituma nikuandikie, wala usidhani ameomba radhi. Ila jana aliniuliza, "Akija, atasimama wapi?"

"Pale penye kiti chako, Amos."

Alikinyanyua kiti chake akakipeleka dirishani, na leo amekula kifungua kinywa huko huko.

Nisalimie mumeo Lyman, na umbusu Odessa mdogo kwa niaba yangu. Mungu awalinde njiani na nyumbani.

Mimi shangazi yako nikupendaye siku zote,
Alvira Pomeroy