Turbo Naiweza, Siitaki

Jumapili, 2 Machi

Chakula cha mchana kwa Mama. Nimetoka na njaa ile ile niliyokwenda nayo, kwa hasira.

Kaka ndiye aliyeanza. Mimi nimesema tu kwamba mwaka huu nataka kuiongezea nguvu injini ya gari langu kabla ya mbio za magari za kupanda mlima. Basi! Akaweka kijiko chini, akajifuta mdomo taratibu kama hakimu. Eti niongeze nikitaka, lakini nisiguse turbo. Turbo inataka mkono. Itanitupa korongoni kona ya kwanza tu, halafu yeye ndiye atakayeulizwa na ukoo mzima. "Wewe dada yangu fundisha watu kurudi nyuma na kuegesha. Hilo unaliweza."

Wakacheka. Hata Mama, ingawa alijitia kukohoa.

Mwaka wa kumi na mbili huu nafundisha udereva. Nusu ya wenye leseni mjini hapa wamepita mikononi mwangu, wifi yangu akiwemo! Lakini kwa Kaka, aliyeshinda mlima ule mara mbili kwa gari lake la turbo, mimi ni mtu wa kuegesha.

Nimeapa. Nafunga turbo. Kubwa kuliko yake.

Jumanne, 4 Machi

Gereji. Fundi tunamwita Radi kwa sababu ya sauti — akikunong'oneza wewe, jirani anaitika. Nikamwambia: turbo, tena kubwa. Nilidhani atafurahi. Akaniuliza, "Mwalimu, nani kakuudhi?"

Akanieleza huku akichora kwa chaki sakafuni. Turbo: moshi unaotoka unazungusha feni, feni inaisukumia injini hewa. Hewa nyingi, petroli nyingi, nguvu kibao. Ila joto! Pistoni, gasketi, rejeta, vyote viwe vya kuhimili, la sivyo nitachemsha injini kama birika. Na inachelewa: unakanyaga, unangoja, kisha inakuja yote kwa mpigo.

Njia ya pili: iache injini ivute hewa yenyewe, ila uipanulie njia. Kamshafti kali zaidi, ile inayofungua vali; silinda hedi, kifuniko cha injini, ichongwe; bomba pana la eksozi la kutolea moshi. Kazi nyingi, nguvu inaongezeka kidogo. Lakini mguu na injini vinaongea lugha moja.

Na kule juu mlimani je? Hewa ni nyepesi, akasema. Isiyo na turbo itahema. Yenye turbo haina habari.

Nikasema basi, jibu tunalo. Akasema hatuna. Nijaribu zote mbili kwanza. "Hasira haina leseni, Mwalimu."

Alhamisi, 6 Machi

Nimeendesha la turbo! La mteja wake, kwa ruhusa, kwenye barabara ya zamani ya machimbo.

Nakanyaga — kimya. Kimya. Halafu teke la mgongo! Nilipiga ukelele ambao sitaki wanafunzi wangu wausikie. Kona ya kwanza nilichelewa. Ya pili nikawahi mno, mkia ukapepesuka. Ya tatu nikaipata: unakanyaga mapema, nguvu inakukuta unatoka. Tulipogeuza njia nilikuwa nalichezea. Radi ameshika mlango kwa mikono miwili, hana radi wala mvua.

Kwa hiyo iandikwe hapa, hata kama hakuna wa kusoma: turbo naiweza.

Jumamosi, 8 Machi

Leo gari la Radi mwenyewe. Kuukuu, rangi imebabuka, halina turbo, injini yake ameichonga kwa mkono.

Ah.

Unaligusa, linaitika. Unapunguza kidole gumba tu cha mguu, linajua. Kwenye zile kona zilizobanana sikungoja kitu wala sikubahatisha kitu. Nilicheka peke yangu kama mtu aliyeambiwa siri.

Hili ndilo nalitaka. Mungu wangu, hili ndilo nalitaka — na Kaka atasema nimeogopa!

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia Baba watoto. Alikuwa anapiga pasi sare za watoto. Yeye mbio zenyewe hazitaki. Anasema hayuko tayari kuwa mgane mwenye watoto watatu wasiojua soksi zinafuliwa wapi. Lakini alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Unashindana na mlima au na shemeji?"

Nikamjibu: na wote wawili.

"Basi injini uichague kwa ajili ya mlima. Shemeji hana kona."

Nimekasirika siku nzima, maana ni kweli. Nikifunga turbo ili Kaka anyamaze, bado ni Kaka amechagua. Hata kukataa kwangu kutakuwa ni kwake.

Siifungi. Na waseme.

Jumatano, 19 Machi

Injini iko nje, imelala mezani. Kaka akapita gereji. Akatazama, akatafuta turbo, hakuiona. Uso ukamnawiri.

"Umefanya la maana, dada yangu. Si kila mtu wa turbo." Akanipigapiga bega. Bega! Matusi yake nilishayazoea. Hizi pongezi ndizo zilizonichoma.

Akaongeza kwamba bila turbo nitawekwa daraja dogo, na vigari vya mazoezi, nitafurahi, pengine hata kikombe nitapata. Yeye yuko daraja la wazi, na magari yote ya turbo.

Alipoondoka nikamuuliza Radi: je, sheria inamkataza mwenye injini isiyo na turbo kuingia daraja la wazi? Akasoma tangazo kwenye simu mara mbili, kwa sauti — mtaa mzima umelisikia. Haimkatazi. Ila hajatokea mwendawazimu wa kuomba.

Nimeomba.

Ijumaa, 28 Machi

IMEWAKA! Mashine ya kupimia imesema nguvu za farasi mia moja na hamsini. Za Kaka zinakaribia mia tatu.

Haya.

Jumamosi, 5 Aprili

Mazoezi. Naandika mbio mbio, mwandiko huu ni wa kuku.

Kona za chini nimemshinda Kaka. Nimemshinda! Yeye anangoja turbo yake iamke, mimi nishatoka. Lakini baada ya msitu barabara inanyooka na hewa inakuwa nyepesi. Hapo injini ilihema kweli kama Radi alivyosema. Mguu umefika sakafuni, hakuna cha kuongeza. Nilipofika kileleni, alikuwa amenizidi kwa sekunde nne.

Nne! Mwaka jana nilifika watu wakikunja viti.

Kaka alitazama ubao wa muda, akautazama tena. Leo hakunigusa bega.

Jioni katibu wa mbio akapiga simu. Wamefikiria, ni heri nirudi daraja dogo. "Kwa usalama wako, mama." Nikamwuliza kifungu gani cha sheria. Akasema si suala la vifungu. Nikamwambia mimi kila siku nakaa na watu wanaotaka kupita taa nyekundu kwa sababu si suala la vifungu.

Halafu Mama naye: watu wanasema namwaibisha kaka yangu. Nikamwambia, Mama, mimi napanda mlima tu. Akauliza kama nimekula.

Jumapili, 6 Aprili

Naandika nikiwa kwenye usukani. Foleni ya daraja la wazi, mimi ndiye wa mbele, Kaka yuko nyuma yangu. Bendera ya kuanzia haipandi.

Katibu amesimama mbele ya boneti na stika ya daraja dogo, anataka kuibandika mlangoni kwangu. Nimepandisha kioo. Amegonga. Nimemwonyesha karatasi yangu ya kuandikishwa, ina muhuri wake mwenyewe. Amegonga tena. Honi zimeanza huko nyuma. Radi namsikia kutoka ng'ambo ya kamba ya watazamaji, hahitaji spika.

Sitoki. Heri wanivute kwa winchi.

Sasa katibu amekwenda kwa Kaka. Namwona kwenye kioo cha kutazamia nyuma, anamwonyesha kwa mkono: pita pembeni, njia pana, mwache huyo. Kaka ameshusha kioo cha helmeti, uso siuoni. Anakanyaga mafuta. Turbo inapiga mluzi. Anakanyaga tena.

Hajasogea.

Katibu anapiga boneti ya Kaka kwa kiganja. Pita!

Mluzi umekatika. Kaka amezima injini. Amekunja mikono kifuani — ama anataka nipande nikashindwe mbele ya watu wote, ama —

Katibu anarudi kwangu. Mwenye bendera anamtazama yeye, kisha mimi, kisha Kaka. Naingiza gia ya kwanza.